Mhanga Aliyelala Ndani ya Tuta

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo ni pakawa ya waliokaa mbele tu. Nataka na ya nyuma, na wewe baba uliyejifunika shuka mpaka masikioni, usijifanye hadithi ni za watoto. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimewasikia. Sogeeni.

Hapo zamani za kale, mvua zilipokuwa bado hazina adabu, palikuwa na bonde likiitwa Majani Mafupi. Juu yake vilima. Chini yake mbuga. Katikati korongo. Kiangazi korongo lile lilikuwa mchanga mtupu, mjusi akivuka hata unyayo haulowi. Lakini masika, jamani, masika ilikuwa habari nyingine.

Mvua ilikuwa inanyesha kule vilimani. Huku bondeni jua linawaka. Mtu amekaa zake anachakura chakula, mara anasikia kwa mbali: nguuu. Anainua kichwa. Nguuuu. Kabla hajauliza ni nini, maji haya hapa! Mekundu, marefu, yamebeba magogo, yamebeba mawe, yanapita juu ya kila kitu. Yakipita yamepita. Kesho yake korongo limekauka tena na kunyamaza, kana kwamba halikumfanyia mtu lolote.

Basi katika bonde hilo aliishi Kanga. Mnamjua Kanga, mwenye madoa meupe na kichwa kisicho na manyoya. Kanga hatagi mtini. Hutaga chini, majanini. Kila masika alitaga. Kila masika aliatamia. Na kila masika, nguuu, maji yakaja yakachukua. Kanga yule alikuwa amezeeka kidogo, na hajaitwa mama hata siku moja.

Mtaniuliza, kwa nini asihame? Ahamie wapi? Vilimani kuna mwewe. Mbugani nyasi ni ndefu na paka mwitu amelala kila kichaka. Majani Mafupi ndiyo kwao, walizaliwa pale bibi zake na mama zake. Akabaki.

Jirani yake alikuwa Mhanga. Huyu wengi wenu hamjamwona, maana hutoka jua likizama na mchana hulala shimoni. Masikio kama ya punda, pua kama ya nguruwe, mkia mnene kama mchi. Kazi yake kuchimba. Chakula chake mchwa. Akiingiza kucha ardhini, kwaru, kwaru, kwaru, umegeuka tu kumwita mwenzako uje umwone, yeye hayupo tena.

Ukoo wa Kanga na ukoo wa Mhanga ni watani. Na utani mnaujua, nyinyi wenyewe mna watani wenu. Kanga alikuwa akimwita Mhanga punda aliyekosa miguu. Mhanga akimwita Kanga kipara wa mvuani. Hakuna kununa. Siku moja, jua la utosi, Kanga alisimama mlangoni kwa Mhanga akapiga kelele kwamba shimo linaingia maji. Mhanga akaruka nje na usingizi wake, macho ameyafumba, masikio yamelala. Nje kukavu, vumbi linatimka. Bonde zima likacheka. Mhanga naye akacheka mpaka akakaa chini. Huo ndio utani.

Basi kiangazi kimoja Kanga akawaita wanyama. Akawaambia kwamba kule juu, korongo linapobanwa na mabega mawili ya kilima, wajenge tuta la udongo. Wanyama wakatazamana. Tembo, mama mkubwa wa kundi lake, akauliza tuta lenyewe litakuwa na urefu gani. Kanga akaonyesha. Tembo akapuliza pua, akasema kama ni kuzuia maji yale basi wajenge ukuta wa kugusa mawingu, au wasijenge kitu.

Kanga akasema, "Mama Tembo, mimi sitaki kuyazuia maji. Nani atayaweza? Nataka tuyaombe yatembee. Yakifika pale yapumzike. Yakijaa, tutakuwa tumeyaachia njia pembeni, kwenye miamba, yapite polepole kama watu wazima. Kinachotuua si maji, ni mbio zake."

Halafu Mhanga, kwa pembeni, akasema yeye atachimba udongo, maana asipochimba mtani wake ataendelea kumpigia kelele mlangoni maisha yake yote. Wanyama wakacheka. Na kicheko hicho ndicho kilichoanzisha kazi.

Walifanyaje? Jua likipoa, Mhanga anachimba udongo wa mfinyanzi, ule mwekundu unaonata. Kwaru, kwaru. Nyani wanaubeba wakinung'unika. Ngiri anausambaza kwa pua. Udongo ukishalala tabaka moja, si nene, Tembo na kundi lake wanapanda juu wanaukanyaga. Puu. Puu. Puu. Halafu tabaka jingine. Na Kanga anakwenda mbele yao akidonoa kila jani, kila mzizi, kila kijiti, maana kijiti kikioza ndani ya tuta kinaacha tundu. Na anaimbisha. Itikieni.

Tia udongo!

Tia!

Tia na maji!

Tia!

Mwenye uzito?

Kanyaga!

Asiye na uzito?

Aimbe!

Wakatia, wakakanyaga, wakaimba. Pembeni Ngiri akachonga njia ya maji kwenye miamba, pana, chini kidogo ya kilele cha tuta. Kiangazi kikaisha na tuta likaisha.

Nisiwadanganye, lilikuwa dogo. Twiga akisimama nyuma yake, shingo yote inaonekana na mabega yake. Fisi, ambaye hakubeba hata bonge moja, alikuja kulitazama akauliza hilo ni tuta la viazi? Wajenzi wenyewe walikuwa na wasiwasi. Kanga alitaga mayai yake nyuma ya tuta lile, upande wa chini, karibu kabisa, pale pale maji yalipozoea kupita. Wenzake wakamwambia asogee. Akasema yeye ndiye aliyewatia jasho wote, akienda kutaga mbali watamwelewaje?

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo mambo yalipoharibika.

Ukoo wa Mhanga una desturi yake. Udongo uliouchimba kwa kucha zako, ngurumo ya kwanza ya masika ikilia, sharti utoboe chumba ndani yake ulale humo. Ndiyo baraka yao. Ndivyo Mhanga anavyouambia udongo: nakuamini, tazama, nimelaza mwili wangu ndani yako. Udongo usiolaliwa na mwenyewe, kwao, ni udongo yatima. Na baraka hiyo haitangazwi. Ukiitangaza imeharibika.

Asubuhi moja mawingu yakajaa vilimani. Ngurumo ikalia, gudugudugudu. Mhanga akatoka kwake bila kumwambia mtu. Akaenda nyuma ya tuta, upande wa chini, akaingiza kucha. Kwaru, kwaru, kwaru. Akaingia ndani, ndani zaidi, mpaka katikati ya tuta. Akajiziba mlango kwa udongo kama kawaida yao. Akajikunja. Akalala.

Alifanya kwa mapenzi. Nataka mlisikie hilo vizuri, hasa nyinyi mnaopenda kusema fulani mjinga. Alilitoboa tuta kwa sababu alilipenda.

Mchana maji yakaja.

Nguuu. Wanyama wote wakakimbilia ukingoni, juu kilimani, kutazama. Nguuuu. Yakatokea kwenye kona, mekundu, kichwa juu, magogo yakigongana ndani yake kama meno. Mtoto wa Nyani akajificha tumboni kwa mama yake. Tembo akakunja masikio. Maji yakaliona tuta. Yakaja. Yakapiga, pwaaa!

Yakasimama.

Jamani, mimi nikifika hapa mwili unanisisimka, na nimeisimulia hadithi hii tangu meno yangu yote yakiwa mdomoni. Maji yale yalisimama. Kitu ambacho hakijawahi kumsimamia mtu, hata simba, kilisimama mbele ya udongo uliobebwa na nyani. Povu likazunguka, likazunguka, likatulia. Magogo yakaanza kuelea taratibu. Maji yakapanda, yakatanda, yakajaa kati ya vilima viwili, na vilima vyenyewe vikaonekana humo vimesimama kwa vichwa. Fisi alifunga mdomo. Tembo alikuwa amezoea kuwa mkubwa kuliko kila anachokitazama, na siku hiyo alisimama pale akajiona mdogo, na hakuumia. Wote waliyatazama maji tu. Hakuna aliyetazama nyuma ya tuta.

Nyuma ya tuta alikuwako mmoja tu, ameatamia. Kanga hakuyaona maji yale. Aliuona mgongo wa tuta na mvua inayommwagikia, maana siku hiyo mvua ilishuka mpaka bondeni. Aliisikia nguuu. Alifumba macho, akabana mbawa juu ya mayai, akangoja kuchukuliwa. Akasikia pwaaa. Kisha kimya. Akafumbua jicho moja. Bado yupo. Mayai bado yapo. Kanga akalia. Alilia kwa furaha, peke yake mvuani, bila aibu.

Machozi hayajakauka, akaona kitu kinapita kando ya kiota. Kijimkondo cha maji, chembamba kama mkia wa panya. Chururu. Maji ya mvua, akasema moyoni. Lakini maji ya mvua yalikuwa meupe. Haya yalikuwa mekundu. Mekundu rangi ya tuta. Kanga akayafuata kwa macho, polepole, mpaka yanakotoka. Yalitoka chini ya tuta, kwenye udongo mbichi ulioparuliwa. Akazitambua kucha zile. Mtani wake alikuwa ndani, na maji yalikuwa yameshaanza kulila tuta kupitia chumba chake.

Basi Kanga afanye nini? Akiinuka, mvua inayapiga mayai, yanapoa, yanakufa. Asipoinuka, tuta linapasuka, yanakwenda mayai, anakwenda Mhanga, linakwenda bonde. Nyinyi mngefanyaje? Usinijibu haraka, wewe. Fikiri kwanza mayai ni yako.

Kanga akainuka. Akayafunika kwa majani. Majani si mbawa, alijua. Akakimbia.

Akafika kwenye ule udongo mbichi, akadonoa, ko ko ko. "Mtani, toka. Maji yanaingia."

Ndani, Mhanga akafumbua jicho. Akatabasamu gizani. Akasema, "Kipara, hiyo ulishanifanyia kiangazi. Tafuta nyingine."

"Mtani, tuta linatoboka. Umelala ndani ya tundu lake."

Mhanga akacheka, kuu kuu kuu. Akasema punda aliyekosa miguu hajakosa akili. Akajigeuza. Godoro lake lilikuwa na unyevu kidogo, akadhani ni jasho.

Kanga akasimama. Mvua inamchuruzika kichwani. Ule mkondo mwembamba ulikuwa umenenepa, sasa ni kama mkia wa nyani. Hakupiga kelele. Sauti yake ilishuka, ikawa ndogo kabisa.

"Mtani," akasema, "nimeyaacha mayai."

Mhanga akaacha kujigeuza.

"Nani ameyaatamia?" Mhanga akauliza.

"Hakuna mtu. Yako mvuani."

Kicheko kikafa mle ndani. Kwa sababu watani hutaniana kwa kila kitu: kipara, masikio, njaa, uzee, hata msiba. Lakini tangu dunia iumbwe hakuna Kanga aliyeinuka kwenye mayai mvua ikinyesha ili amchekeshe mtu. Mhanga akanyanyua masikio yake yale. Nyuma yake, ndani ya giza, akasikia: chu, chu, chu, chu. Maji yanajitafutia njia.

Angeweza kutoka mbio. Mlango ulikuwa wake, na kucha anazo. Angetoka akiwa mzima, na nyuma yake pangebaki tundu lililo wazi. Mhanga hakutoka. Alisema tu, kwa sauti ya mtu aliyekwisha amua, "Mwite Tembo aje akanyage. Kisha rudi kwa wanao." Akageuza uso kule maji yaliko, akaanza kuziba.

Kanga akapanda kilimani mbio. Wenzake wote wamesimama wanashangaa maji, kama waliomwona Mungu wao. Akaita. Hawasikii. Akapita chini ya matumbo, katikati ya miguu, mpaka mbele ya Tembo, akaudonoa mkonga. Akamwambia. Na Tembo, ambaye kwa kawaida huuliza maswali mpaka uchoke, siku hiyo hakuuliza. Aliliacha ziwa lake zuri akashuka nyuma ya tuta.

Ikawa kazi. Ndani, Mhanga anavuta udongo kutoka ubavuni mwa chumba, anausukuma kule mbele, anaushindilia kwa kichwa na mabega. Anarudi nyuma hatua. Anashindilia tena. Anakiziba chumba chake mwenyewe taratibu, akitoka kinyumenyume. Nje, Tembo anakanyaga pale juu, kila Mhanga anapoziba. Ndani, pu. Nje, puu. Ndani, pu. Nje, puu. Na wanyama sasa wamejua. Nyani wanabeba udongo na hakuna anayenung'unika. Hata Fisi, msinicheke, hata Fisi alibeba bonge. Na bila kuambiwa wakaanza kuimba, kwa sauti ya chini, kama watu walio kwenye nyumba ya mgonjwa.

Mwenye uzito?

Kanyaga.

Asiye na uzito?

Aimbe.

Mkondo ulikuwa mwekundu. Ukawa mwekundu lakini mwembamba. Mkia wa Mhanga ukatokea nje. Kiuno kikatokea. Mwishowe ikatoka ile pua ya nguruwe, imejaa matope, inatweta. Tembo akaweka mguu mahali palipokuwa na mlango, akauegemeza mwili wake wote. Puu. Mkondo ukakatika.

Na kule mbele, wakati huo huo, maji yakawa yamefika juu. Yamebakisha kidogo tu yapite kilele cha tuta. Wanyama wakaacha kupumua. Maji yakatikisika. Yakatafuta. Yakaiona ile njia ya pembeni kwenye miamba. Yakageuka, yakaingia, yakaanza kushuka, wala hayakukimbia. Yalitembea. Maji yale yaliyotuzika sote yalitembea mbele yetu kwa hatua zake, yakashuka kwenye mawe, yakaenda zake mbugani, yakinyong'onyea kama mgeni anayeaga. Mimi sikuwapo, lakini nasema "mbele yetu" kwa sababu aliyenisimulia alisema hivyo, naye alisimuliwa hivyo, na hakuna hata mmoja wetu anayeweza kulisema jambo hili kwa mbali.

Kanga hakuliona. Wazo lilikuwa lake, na hakuona maji yakitembea. Alikuwa amerudi kwenye kiota. Aliyagusa mayai kwa kidevu. Yalikuwa ya baridi. Akayalalia.

Mvua ikaisha. Jua likatoka. Ziwa dogo likakaa mbele ya tuta likipungua taratibu, na wanyama wakaja kunywa maji yaliyotulia korongoni, jambo ambalo hawakulizoea. Kanga hakuja. Ameatamia. Wakamwambia mayai yale yameshapoa, ainuke ale. Hakuinuka.

Mhanga naye aliacha kulala mchana. Alikuja akakaa kando ya kiota, matope yamemkaukia masikioni, akamletea mchwa. Wala hakumtania. Kanga akamwita punda aliyekosa miguu, ili tu asikie sauti. Mhanga akainamisha kichwa. Mtani asiyejibu! Hilo lilimwogopesha Kanga kuliko yale maji. Siku zikapita, siku nyingine, na nyingine, na watani wale wamekaa kimya pamoja.

Asubuhi moja, ti.

Kanga akakaza macho. Ti, ti. Yai moja likapasuka, kikatoka kitu kilicholowa, kinatetemeka, kina sauti kubwa kuliko mwili. Kisha kingine. Kisha kingine. Si mayai yote. Mengine yalikaa kimya mpaka mwisho, na Kanga aliyalilia hayo kama alivyowafurahia waliotoka, maana mama hapunguzi hesabu ya wanawe. Lakini vifaranga vilisimama, vya kahawia vyenye mistari, vikaingia chini ya mbawa zake vikisukumana.

Mhanga akaviangalia. Akaviangalia sana. Pua ikaanza kumchezacheza.

Akasema, "Mtani, hawa hawana hata doa moja. Una hakika hukuokota mayai ya kwale?"

Kanga akacheka. Alicheka huku analia, na vifaranga vikadhani ndivyo mama anavyozungumza.

Tangu siku hiyo ukoo wote wa Mhanga uliiacha ile desturi kwenye tuta. Ngurumo ya kwanza ikilia, huja wakalizunguka kwa miguu, wakitafuta tundu, na wakiliona wanaliziba. Hiyo ndiyo baraka yao sasa. Na mkipata bahati ya kumwona Mhanga jioni akitoka shimoni, mtaona hatoki moja kwa moja. Husimama mlangoni, ametulia, masikio juu. Watu husema anamsikiliza simba. Mimi nasema anamsikiliza mtani wake.

Mafunzo yake niyaseme wazi, nisiwaache mkibuni. Kitu mlichojenga pamoja kiwalinde wote, usijikatie chumba chako ndani yake, hata kwa nia njema, hata kwa mapenzi. Uliza kwanza. Na kazi ikikamilika na watu wanaishangaa mbele, wewe zunguka uitazame nyuma. Na ukiona maji mekundu, inuka ukaseme, japo umeyalalia mayai yako.

Hadithi yangu imetembea mpaka mwisho wa njia yake, na hapo ndipo ilipoishia. Mwamsheni huyo baba wa shuka, mwambieni hadithi hii si utani, wala si ya watoto tu.